Mtufaha haubebi, saida imeharibika: kusoma dalili kuanzia shambani hadi kwenye glasi

Malalamiko ya saida, yaani pombe ya matufaha, huja kwa namna mbili. Kuna aliyepanda miche uani kwake Herefordshire ya Uingereza au Vermont ya Marekani, akangoja miaka, na sasa mti hautoi kitu, au umetoa na kilichokamuliwa kimegeuka siki. Na kuna aliyekwenda kutembea Oviedo ya Hispania au Frankfurt ya Ujerumani, akaletewa glasi, akaonja mara moja na kuisukuma pembeni akiamini imeharibika. Wote wawili wana dalili mkononi, na wote wawili hukimbilia dawa kabla ya kuuliza ni tufaha gani lililotumika na limetoka wapi. Uchachu mkali au ukosefu wa gesi ni ugonjwa katika pipa moja, na ni sifa katika pipa la nchi jirani. Ndiyo maana naanza na mti na kuishia kwenye glasi.

Asiyekunywa pombe, habari ya shamba na mavuno bado inamhusu. Maji ya matufaha haya, yakinywewa siku ileile yaliyokamuliwa, hayalingani na juisi yoyote ya boksi.

## Kabla ya dalili yoyote: una tufaha gani?

Matufaha ya saida hayaliwi kwa raha. Ukiuma Tremlett's Bitter lililoiva, utamu unakuja kwanza, kisha ulimi na ufizi vinakauka na kukaza kama umekula bibo la mkorosho. Kinachokaza ni tanini, na ndiyo inayoipa saida uzito kinywani baada ya hamira kumaliza sukari yote. Kituo cha utafiti cha Long Ashton, kilichoanzishwa karibu na Bristol mwaka 1903 na kufungwa 2003, kiliacha mgawanyo unaotumika Uingereza mpaka leo: tufaha lenye tanini zaidi ya asilimia 0.2 huhesabiwa chungu, na lenye asidi zaidi ya asilimia 0.45 huhesabiwa kali. Hapo unapata makundi manne. Sweet Coppin la Devon ni tamu, Brown's Apple, nalo la Devon, ni kali, Dabinett la Somerset ni tamu-chungu, na Kingston Black la Somerset ni kali-chungu.

Ukinieleza kwamba saida yako ni nyepesi, haina ladha, inapita mdomoni kama maji yenye pombe, nitakuuliza ulitumia tufaha gani kabla ya kukuuliza hamira gani. Kama ni matufaha ya mezani kama Gala au Golden Delicious peke yake, tanini haikuwamo tangu mwanzo. Kubadilisha hamira kila mwaka ili kuiponya saida ya namna hiyo ni kutwanga maji kwenye kinu. Panda miti ya saida, au tafuta jirani mwenye bustani ya kale ambaye matufaha yake yanaozea chini kila Novemba. Huko Somerset na Herefordshire watu kama hao wapo, na wengi hufurahi kuona yanaokotwa.

## Mti umestawi, lakini haubebi

Anza na umri na shina la chini, lile ambalo kikonyo, yaani kipande cha tawi la aina unayoitaka, kimebebeshwa juu yake. Mtufaha uliobebeshwa kwenye MM106 kwa kawaida huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Uliobebeshwa kwenye M25, shina linalotoa mti mkubwa wa kulishia kondoo chini yake, unaweza kukuchelewesha mara mbili ya hapo. Kama mti una miaka mitano na upo kwenye M25, hauna ugonjwa. Mwache.

Kama umri umetimia na mti unarusha matawi marefu yenye majani ya kijani kizito bila ua hata moja, umeulisha samadi au mbolea ya naitrojeni kupita kiasi, au umeupogoa sana wakati wa baridi. Kila ukikata kwa ukali majira ya baridi, mti unajibu kwa matawi. Acha mbolea, punguza msumeno, na matawi machanga yanayosimama wima yavute yalale kwa kamba. Tawi lililolala huweka machipukizi ya maua upesi.

Kisha kuna mti unaobeba hadi matawi yanavunjika mwaka huu, na mwaka unaofuata unakaa mtupu. Hii ndiyo dalili inayowavunja moyo wengi, na miti ya saida inajulikana kwa tabia hiyo, Tremlett's Bitter hasa. Sababu iko ndani ya mbegu. Tunda changa lina mbegu zinazotoa homoni ya jibereli, na homoni hiyo huzuia machipukizi ya maua ya mwaka ujao yasiundwe. Maua ya mwakani huanza kuundwa wakati matunda ya mwaka huu yangali madogo, kwa hiyo kupunguza matunda mwezi Agosti kunaongeza ukubwa wa yaliyobaki tu. Katika mwaka wa mzigo mkubwa, punguza mapema, wiki chache baada ya maua, uache tunda moja au mawili katika kila kishada. Kwenye mti mrefu huwezi kufanya hivyo kwa mkono. Hapo ni afadhali kuwa na aina mbalimbali ili zisipumzike zote mwaka mmoja.

Maua mengi na matunda hakuna ni jambo jingine. Uliza kwanza kama kulikuwa na jalidi. Ua lililofunguka huumia joto likishuka hadi karibu nyuzi 2 chini ya sifuri. Lichane ua katikati siku ya pili: ukiona kitovu cheusi, limekufa. Aina zinazochanua mapema hupigwa zaidi, na hapo Dabinett, inayochelewa kuchanua, ina faida yake. Kama jalidi haikuwepo, tazama uchavushaji. Bulmer's Norman ina seti tatu za kromosomu badala ya mbili na chavua yake haifai kitu, kwa hiyo ukiipanda na mti mmoja tu wa pembeni, mti huo nao unabaki bila wa kuuchavusha. Inahitaji majirani wawili wanaochanua wakati mmoja.

Na kwa msomaji aliyeko Njombe, Lushoto au Limuru anayetaka kuagiza vikonyo vya Kingston Black: aina nyingi za kale za Ulaya zinahitaji saa 800 hadi zaidi ya 1,000 za baridi chini ya nyuzi 7 ili machipukizi yaamke pamoja. Usiku wa Njombe una baridi kali, lakini mchana jua linaifuta. Mti utatoa majani nchani tu, maua machache yaliyotawanyika miezi mitatu, na matunda ya kubahatisha. Huko Batu, Java ya Mashariki, wakulima hukwepa tatizo hili kwa kupukutisha majani yote kwa mkono baada ya mavuno ili mti ulazimike kuchanua upya, na njia hiyo inafaa kujaribiwa kwenye aina kama Anna, iliyozalishwa Israeli kwa ajili ya sehemu zisizo na baridi ndefu. Tufaha la Anna lina asidi lakini halina tanini ya maana. Litakupa kinywaji chepesi na safi, na hilo si dosari mradi hukutarajia Somerset.

## Matawi yanakauka

Usikate kabla hujatofautisha magonjwa mawili.

La kwanza: ncha changa zinanyauka ghafla baada ya maua, zinageuka kahawia iliyoungua, zinajikunja kuelekea chini, na majani yaliyokufa yanang'ang'ania tawi. Hiyo ni bakteria Erwinia amylovora. Inaingia kwa kupitia ua siku za joto na unyevu, na ndiyo maana miti ya saida inayochelewa kuchanua huathirika vibaya Marekani, ambako mwisho wa Mei tayari kuna joto. Brown Snout ni mojawapo ya zinazoumia sana. Kata sentimita 30 chini ya mahali unapoona dalili, siku kavu, ukifuta mkasi kwa spiriti kila baada ya kukata, na uchome ulichokata. Anayeanza shamba upande ule wa Atlantiki achague mashina ya chini ya Geneva, yaliyozalishwa New York yakiwa na ukinzani dhidi ya ugonjwa huu, ingawa kikonyo cha juu bado kinaweza kuugua.

La pili huja polepole. Gome linabonyea kuzunguka kijichipukizi au kovu la jani, linapasuka kwa miduara, na tawi lililo juu ya donda linakufa mwaka mmoja au miwili baadaye. Ni ukungu wa Neonectria, na unapenda ardhi inayotuamisha maji. Kingston Black hupata donda hili kwa urahisi, na mavuno yake ni haba. Watu wanauvumilia mti huu kwa sababu ya ladha, maana ni mojawapo ya matufaha machache yanayoweza kutoa saida kamili bila kuchanganywa. Ushauri wangu kwa mwenye nafasi ya miti mitatu tu ni kuuacha, na kupanda Dabinett mbili na moja kali kama Brown's Apple. Lakini mwenye udongo usiotuamisha maji na moyo wa subira, apande. Donda likitokea, chonga hadi ufikie mbao nyeupe yenye afya, siku kavu, na ushughulikie mtaro wa maji kabla ya kununua dawa yoyote.

Madoa meusi kwenye majani na ngozi ya tunda ni ukungu wa Venturia. Kwa mwenye kuuza matufaha ya mezani ni hasara. Kwa saida, tunda lenye madoa linakamuliwa bila shida, isipokuwa lililopasuka na kuoza. Fagia majani yaliyoanguka, kwa sababu ukungu unalala humo hadi majira ya kuchipua. Kingo za majani ya Dabinett zikikauka na kuwa kahawia wakati wa kiangazi, pima potasiamu ya udongo kwanza, maana aina hiyo huihitaji sana.

## Juisi imekamuliwa, mambo hayaendi

Matufaha yaokote yakishaanguka yenyewe, kisha yaache yakae wiki mbili hadi tatu mahali penye hewa, mpaka kidole gumba kikibonyeza kinaacha alama. Wanga unageuka sukari katika muda huo. Likate moja, lidondoshee ayodini: likigeuka buluu nyeusi, subiri.

Pima vitu viwili kabla ya kutia chochote: sukari kwa haidromita na ukali kwa kipimo cha pH. Juisi ambayo haidromita inaisoma 1.050 itakupa takriban asilimia 6.5 ya pombe. Lakini pH ndiyo inayoamua kama saida itaishi. Matufaha tamu-chungu peke yake hutoa juisi ya pH 4 au zaidi, na humo karibu kila bakteria anajisikia nyumbani. Changanya na matufaha makali hadi pH ishuke chini ya 3.8, maana namba ikishuka ndipo ukali umepanda. Salfaiti ya kuua vijidudu hutegemea kipimo hichohicho: miligramu 50 kwa lita ikiwa pH iko kati ya 3.0 na 3.3, miligramu 100 ikiwa kati ya 3.3 na 3.5, na 150 ikiwa kati ya 3.5 na 3.8. Kidonge kimoja cha salfaiti kiitwacho Campden katika lita 4.5 ni kama miligramu 50. Mwenye pumu ajue kwamba salfaiti inaweza kumsumbua.

Imesimama haina mapovu. Ikiwa ni Januari na chombo kiko chini ya nyuzi 10, imelala tu, na itaendelea hali ya hewa ikipata joto. Bustani za kale zisizotiwa mbolea hutoa juisi yenye naitrojeni kidogo, hivyo kuchachuka kwake ni kwa polepole, na polepole huhifadhi harufu. Normandy ya Ufaransa wanaitafuta hali hiyo kwa makusudi: wanaiacha pektini igande na kupanda juu kama kifuniko cha kahawia, wanavuta juisi safi ya katikati, na saida inabaki na utamu wake bila kuongezwa sukari.

Inanuka yai viza. Hamira imekosa lishe. Ihamishie chombo kingine mara moja ukiiacha ichuruzike na kupata hewa kidogo, na mara nyingi harufu inaondoka.

Utando mweupe juu. Hamira za juu zimepata hewa. Jaza chombo hadi shingoni, tia salfaiti, ukague kizibo. Ukiiacha, siki inafuata, na siki hairudi kuwa saida. Ikishafika huko, ifanye siki kweli kweli, lakini itoe kwenye chumba chenye mapipa mengine.

Inamiminika kama mafuta. Bakteria wa asidi ya laktiki wametengeneza nyuzi za sukari ndani yake. Haina madhara. Ikoroge kwa nguvu hadi nyuzi zikatike, tia miligramu 100 za salfaiti kwa lita, na uihamishe baada ya mashapo kutulia.

Ina ukungu haitakati. Mimina kijiko kimoja kwenye vijiko vitatu vya spiriti ndani ya gilasi ndogo. Vikitokea vitu vyenye kuganda kama utelezi, ni pektini, na kimeng'enya cha kuvunja pektini kitasaidia. Kisipotokea kitu, jaribu ayodini kwenye sampuli nyingine kutafuta wanga. Sampuli zote mbili zimwage.

Inageuka nyeusi kwenye glasi. Chuma kimegusana na tanini. Kagua kinu na mashine ya kukamulia, msumari wowote wenye kutu.

Kisha kuna dosari ninayoiogopa kuliko siki. Unanusa, hakuna kitu. Unaonja, ni nzuri. Sekunde kumi baada ya kumeza, nyuma ya ulimi inapanda ladha ya kizimba cha panya, na haiondoki. Viini vyake haviruki hewani ndani ya kinywaji kikali, vinafunguka mate yakishapunguza ukali huo, na ndiyo maana pua inadanganywa. Paka matone machache nyuma ya kiganja, sugua, nusa: ngozi itakutolea siri hiyo kabla ya mdomo. Watu wengine hawaionji kabisa, hivyo kabla ya kuweka chupani mwite mtu wa pili. Chanzo ni bakteria wa laktiki au hamira ya Brettanomyces penye hewa nyingi na salfaiti kidogo. Tiba hakuna. Maji yakishamwagika hayazoleki: mwaga, osha vyombo kwa dawa, na mwaka ujao dhibiti pH na hewa.

Chupa inapasuka. Hili linaumiza watu. Gramu 4 za sukari katika lita hutoa takriban ujazo mmoja wa gesi, yaani lita moja ya gesi kwa lita ya saida. Anayetaka mapovu huongeza gramu 8 hadi 10 kwa lita kwenye saida iliyokwisha kabisa, ndani ya chupa nene za shampeni. Ukiziba saida ambayo haidromita bado inasoma 1.010, umeacha humo zaidi ya gramu 20 kwa lita. Usitumie chupa za divai. Na zikishaanza kupasuka, funika kasha kwa blanketi zito kabla ya kusogea karibu.

## Umeletewa glasi ugenini, na hukuielewa

Wengi wetu tumeijua saida kwa chupa za Afrika Kusini zinazouzwa baa za Dar es Salaam na Nairobi, au kwa Tusker Cider iliyoingia Kenya mwaka 2017: baridi, tamu, yenye mapovu. Mdomo uliozoea hiyo ukikutana na saida ya kienyeji unahitaji maelezo.

"Haina gesi, na wamenimiminia kidogo." Upo Asturias, kaskazini mwa Hispania. Mhudumu anainua chupa ya kijani ya mililita 700 juu ya kichwa, glasi ameishika chini kiunoni, anamimina ukingoni ili saida ipasuke na kutoa harufu yake. Kinachobaki kwenye glasi ni funda moja liitwalo culín, la kunywewa papo hapo. Ukilikalisha linalala na kuwa butu, na hapo ndipo mtu anaposema imeharibika. Tone la mwisho humwagwa kuosha ukingo, maana glasi huzunguka mezani. Desemba 2024 UNESCO iliuingiza utamaduni huu katika orodha ya urithi usioshikika.

"Ni chachu, ina harufu ya siki." Katika Nchi ya Wabaski, kaskazini mwa Hispania pia, huo ndio mtindo. Kuanzia Januari hadi Aprili, nyumba za saida za Astigarraga na Hernani hufungua mapipa, mtu anapaza sauti "txotx", kila mmoja anasimama na glasi kuukinga mchirizi mwembamba. Inywe pamoja na kimanda cha samaki chewa na nyama ya kuchoma ya nusu mbichi. Mafuta ya nyama yanakuonyesha uchachu ule una kazi gani.

"Haina utamu hata kidogo." Frankfurt, katika mtaa wa Sachsenhausen, Apfelwein huja kwenye jagi la kijivu lenye michoro ya buluu. Ikikuzidi, omba ichanganywe na maji ya gesi. Kuomba soda ndani yake katika nyumba za kale hupokelewa kwa sura ya kununa.

"Ni tamu na hailevyi." Soma lebo ya Ufaransa: doux haizidi asilimia 3 ya pombe, na brut ndiyo kavu zaidi. Utafute Pays d'Auge ya Normandy au Cornouaille ya Bretagne, zote zikiwa na jina linalolindwa tangu 1996, uzinywe kwa kikombe pamoja na mkate wa kusukuma wa unga wa ngano nyeusi wanaouita galette.

"Ya shambani Somerset na ya dukani hazifanani." Hazifanani kwa sheria. Uingereza huruhusu kinywaji kuitwa saida kikiwa na asilimia 35 tu ya juisi ya tufaha. Ya shambani, iliyokamuliwa yote kwa Dabinett na wenzake, itakuja bila gesi, imetulia, na itakukaza ulimi.

"Nimeomba saida nikaletewa juisi." Upo Marekani au Kanada ya Kiingereza, ambako jina hilo pekee ni la maji ya matufaha yasiyochujwa, na yenye pombe huongezewa neno "hard" kwenye lebo. Asiyetaka pombe asome pia kama galoni lina kihifadhi. Lisilo nacho, likikaa kwenye friji siku nyingi, litaanza kuchachuka lenyewe: ukiona pande zimevimba, legeza kifuniko polepole juu ya sinki, na ulihesabu kuwa si juisi tena.